Shangazi, mume wangu anakwangua saa za zamani kwenye meza ya chakula

Shangazi shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi. Naishi Edinburgh na mume wangu na watoto wawili, mkubwa yuko shule, mdogo ana miaka miwili. Sote ni watu wa Tanga. Mume wangu anafanya kazi usiku kwenye ghala, na mchana akishaamka ana kazi yake nyingine ya saa, ananunua saa mbovu za zamani kwenye masoko ya wikiendi na onlaini, za jeshi la Uingereza za wakati wa vita, za mfukoni, zile za mezani za kengele, anazitengeneza anaziuza. Mkono anao kwa kweli, na hela inaonekana, ndo inayomsomesha mdogo wake huko nyumbani, kwa hiyo siwezi kusema ni upuuzi.

Tatizo ni hili. Hizo saa zina rangi kwenye namba na kwenye mishale, rangi ambayo zamani ilikuwa inawaka gizani, sasa imekuwa kahawia imekauka. Yeye anatoa kioo, anaikwangua kwa kiwembe, unga unamwagika mezani, anaupuliza kwa mdomo phuu ukaondoka, alafu anapaka rangi mpya ya kijani. Meza ndo hiyo hiyo tunayolia wali. Na mtoto anacheza chini ya hiyo hiyo meza. Wiki iliyopita nilimuonyesha mwenzangu kazini picha ya saa moja niliyoipenda, mama mtu mzima wa hapa hapa Scotland, akashtuka, akanambia saa zile zina mionzi, kuna wasichana Marekani walikufa vibaya kwa kuzipaka rangi. Nimerudi nyumbani nikasoma kidogo kwenye simu nikashindwa kulala.

Nimemwambia mume wangu. Jibu lake la kwanza, rangi haiwaki tena kwa hiyo hiyo mionzi imeshakufa. La pili, yule mzee aliyemuuzia saa alisema baba yake aliivaa mkononi mpaka kafa na miaka tisini. La tatu akasema mi sipendi tu ile kazi yake kwa sababu inajaza nyumba, tukaishia kununiana. Sasa nimefikiria siku akienda kazini nizikusanye zote nizitie kwenye pipa la taka yaishe. Nifanye hivyo? Na mtoto wangu atakuwa ameshadhurika? Nisaidie Shangazi.

Mama wa wawili, Edinburgh

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeitoa kwenye foleni nikaijibu kwanza kwa sababu jambo lenyewe halingoji.

Usizitie kwenye pipa. Na kule kukwangua kusimame leo, hata ile saa aliyoifungua jana ikabaki nusu ibaki hivyo hivyo nusu. Hayo mawili ushike kabla hujaendelea kusoma, mengine ntakueleza taratibu.

Tuanze na hoja ya mumeo kwamba haiwaki tena basi imekufa, maana hapo ndo watu wengi wanapopotea, hata mafundi wazoefu, na ukiisikia mara ya kwanza unaona kabisa ina akili. Ile rangi ya zamani ilikuwa vitu viwili vimechanganywa. Kimoja ni radiamu, kidogo sana, na kingine ni unga wa zinki salfaidi. Radiamu ndo inayotoa mionzi, usiku na mchana bila kupumzika, ile mionzi ikigonga zinki, zinki inatoa mwanga wa kijani. Sasa zinki ikigongwa miaka na miaka inachoka, inaharibika, haiwezi tena kutoa mwanga. Kilichokufa ni zinki. Ni kama tochi iliyoungua balbu, betri iko nzima. Radiamu inachukua miaka 1600 kupungua nusu, kwa hiyo saa iliyopakwa mwaka 1943 mpaka leo bado ina zaidi ya asilimia 96 ya radiamu iliyowekwa siku ile. Mwambie hivyo hivyo kwa namba, mtu wa mashine anaelewa namba.

Pengine kachanganya na saa zingine, na hapo nisimlaumu. Kuanzia miaka ya 1960 watengeneza saa walianza kuachana na radiamu wakaingia kwenye tritiamu, ambayo inapungua nusu kila miaka 12 na kitu, na mionzi yake ni dhaifu hata kioo cha saa haivuki. Hizo kweli zikizimika ni kwa sababu mionzi yenyewe imeisha sehemu kubwa. Utazijua kwa herufi T chini kabisa ya uso wa saa, karibu na namba 6, imeandikwa T SWISS MADE T au SWISS T<25. Saa za kisasa kabisa, kuanzia miaka ya 1990, zina rangi isiyo na mionzi kabisa, inayokunywa mwanga wa taa na kuutoa gizani, na nadhani hiyo ya kijani anayopaka yeye ni ya namna hiyo. Rangi mpya haina neno. Neno liko kwenye anachokitoa ili apake mpya.

Kuna alama nyingine ya kuitambua radiamu bila mashine yoyote. Saa ikikaa kabatini miaka mingi imesimama, mishale ikiwa juu ya sehemu moja, uso wa saa chini ya mishale unaungua, unakuta kivuli cha kahawia chenye umbo la mshale kabisa, umesogeza mshale kivuli kimebaki. Hiyo ni radiamu imechoma karatasi au rangi ya uso kwa miaka. Aziangalie zake, sidhani kama atakosa hata moja yenye kivuli hicho, na akikiona kwa macho yake huenda kikamshawishi kuliko maneno yangu na yako.

Hoja ya pili, yule mzee aliyefikisha miaka tisini. Naamini kabisa ni kweli na haipingani na ninachokwambia. Mionzi mikubwa ya radiamu ni chembe za alfa, na alfa ni nzito, haiendi mbali, karatasi inaizuia, ngozi inaizuia, kioo cha saa kinaizuia. Kuna mionzi mingine inayopenya, ipo, ndo maana hatushauri mtu aivae kila siku wala alale nayo, ila saa moja iliyofungwa vizuri sio bomu. Yule mzee hakuifungua. Shida kubwa ya radiamu ni pale inapoingia ndani ya mwili, kwa kumeza au kwa kuvuta pumzi, kwa sababu mwili unadhani ni kalsiamu, zinafanana, basi inapelekwa kwenye mifupa, inakaa huko na inaendelea kupiga alfa zake kwenye uboho na mfupa uliyo jirani nayo kila sekunde, na huko ndani hamna kioo wala ngozi ya kuizuia.

Na hilo dunia ililijua kwa gharama ya wasichana wale aliokutajia mwenzako. Kiwanda kilikuwa Orange, New Jersey, kilianza mwaka 1917 kikipaka nyuso za saa na vifaa vya jeshi, wengi wa wapakaji walikuwa wasichana wadogo, wengine hata miaka ishirini hawajafika. Namba za saa ni nyembamba, brashi ikitanuka inaharibu, basi walifundishwa kuichonga ncha kwa midomo, unatia mdomoni, unachovya, unapaka, unatia tena mdomoni, siku nzima. Walipouliza kama ina madhara waliambiwa haina. Wengine walijipaka kwenye kucha na meno wakienda dansi ili wawake gizani, kwa sababu radiamu enzi hizo ilikuwa inauzwa kama dawa ya kuleta afya, hata kwenye maji ya kunywa. Huku wakemia wa kampuni hiyo hiyo wao walikuwa na vikinga vya madini ya risasi na koleo za kushikia. Hapo mi nakasirika kila nikisoma, hawakuwa hawajui wote, kuna waliojua.

Mmoja wao Amelia Maggia, wakimwita Mollie, alianza na jino. Limeng'olewa, kidonda hakikupona, jino la pili, la tatu, mwishowe daktari wa meno akagusa taya lake likamkatikia mkononi. Alikufa Septemba 1922, miaka 24, na cheti chake kikaandikwa kaswende. Kaswende, mwanangu! Walipomfukua mwaka 1927 mifupa yake ilikuwa bado ina mionzi. Dada zake wawili, Quinta McDonald na Albina Larice, walipaka saa kiwanda hicho hicho, nao wakaugua, na ndo wakawa kati ya wale watano waliofungua kesi pamoja na Grace Fryer, Katherine Schaub na Edna Hussman. Grace peke yake alihangaika kama miaka miwili kupata wakili wa kumkubali. Kampuni ilikuwa imeleta wataalamu wa chuo kikuu cha Harvard mwaka 1924, wataalamu wakasema kazi yenyewe ndo inayowadhuru, ile ripoti ikafichwa na serikali ikapelekewa maneno yaliyogeuzwa. Mwaka 1928 wakalipwa kwa makubaliano, dola 10,000 kila mmoja na 600 kila mwaka maisha yake yote, na hayo maisha yenyewe hayakuwa marefu. Kule Ottawa, jimbo la Illinois, kiwanda kingine nacho kilikuwa na midomo ile ile, na mwaka 1938 Catherine Wolfe Donohue alitoa ushahidi akiwa amelala kwenye kochi nyumbani kwake kwa sababu kukaa hawezi, alishinda, na mwaka huo huo akafa.

Simaanishi mumeo ni Mollie. Wale walikuwa wanameza rangi kila siku miezi na miaka. Mumeo anakwangua saa chache na hatii brashi mdomoni. Lakini anapuliza, na ukipuliza unga lazima uvute pumzi baada ya hapo, na unga ule haujaenda popote, umeenda kwenye zulia, kwenye mapazia, kwenye nywele za mtoto.

Na hapo kwenye meza ya nyumbani niseme kidogo zaidi, kwa sababu jambo hili la kwenu sio geni. Uswisi, huko saa zinakotoka, kwenye miji ya milima ya Jura kama La Chaux-de-Fonds na Biel, akina mama walikuwa wanaletewa kazi ya kupaka radiamu nyumbani, wanapaka jikoni watoto wako pembeni, kazi ikiisha wanafuta meza wanatenga chakula. Ilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wakasahau. Mwaka 2014 huko Biel wakati wa kujenga barabara taka za radiamu zikakutwa kwenye jalala la zamani, ndipo serikali ilipoanza mwaka 2015 kuzitafuta zile nyumba, zaidi ya 1000 zikapimwa, na zaidi ya 100 kati yake kukakutwa radiamu kwenye mbao za sakafu na bustanini kiasi cha kuhitaji kusafishwa, miaka 50 na zaidi tangu mtu wa mwisho ashike brashi. Familia zilizohamia humo baadaye hazikujua chochote. Unaona ninavyosema usiridhike kwamba meza unaifuta?

Sasa pipa la taka. Wewe uko Edinburgh, vuka ile bahari ya Forth tu ng'ambo ya pili kuna Dalgety Bay, ufukwe mzuri watu wanatembeza mbwa. Baada ya vita ndege za jeshi zilivunjwa pale karibu, zile saa na vipimo vyenye radiamu vikachomwa, majivu yakafukiwa ufukweni. Mwaka 1990 ikagundulika kuna mionzi mchangani, wakaanza kuokota vipande mwaka hadi mwaka, sehemu ya ufukwe ikafungwa, na kazi ya kusafisha imekuja kukamilika 2023. Hayo ndo matokeo ya kutupa yaishe. Ukizitia pipani anazibeba mzoa taka, zinasagwa kwenye gari, na huko ziendako kuna mtu mwingine na mtoto wake. Tena mumeo akirudi asikute mali yake, hapo hutapata tena nafasi ya kumwambia kitu akakusikia, na mi nataka akusikie.

Fanya hivi. Zile saa zote zenye rangi ya zamani, zilizofungwa, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, alafu ndani ya boksi la bati, nje ya chumba cha kulala na mbali na watoto. Zikikaa nyingi pamoja msizifungie kwenye chumba kidogo kisicho na hewa, radiamu inatoa gesi ya radoni na gesi inapenya mpaka kwenye saa iliyofungwa. Watafiti wa vyuo vikuu vya Northampton na Kingston hapo hapo Uingereza waliweka saa 30 za zamani za kijeshi kwenye chumba wakakuta radoni imepita kiwango kinachopendekezwa kwa zaidi ya mara 100. Hujanambia anazo ngapi, ila kwa mtu anayenunua na kuuza sidhani ni mbili tatu. Kwa hiyo fungueni madirisha, hata kama ni Januari.

Meza hiyo msiilie tena mpaka ipimwe. Usitumie hoova, ile mashine inanyonya unga mwembamba na kuutema hewani kwa nyuma, unaueneza nyumba nzima. Ukilazimika kupangusa vaa glavu, tumia kitambaa kibichi cha kutupa, pangusa mara moja kukunja ndani, weka kwenye mfuko, funga, na huo mfuko nao usiutupe, kaa nao pamoja na vile viwembe na brashi. Alafu piga simu baraza la mji, idara ya afya ya mazingira, waambie una saa za radiamu zilizokwanguliwa nyumbani unahitaji kupimiwa na kuelekezwa, na kama hawaelewi waambie wakuunganishe na SEPA, wale wa mazingira wa Scotland, mionzi ni kazi yao. Usiogope kwamba utaonekana mhalifu. Watu wanakuta saa za babu zao kabatini kila siku, hao wameshazoea maswali haya.

Mtoto. Najua hili ndo lililokunyima usingizi. Siwezi kukwambia hajapata kitu wala siwezi kukwambia kapata, sijamuona na sijaona meza yako. Ninachojua ni kwamba mtoto anaejenga mifupa anachukua kalsiamu kwa kasi kuliko mtu mzima, na radiamu inapita njia hiyo hiyo, kwa hiyo yeye ndo wa kumlinda wa kwanza. Nenda kwa GP wenu, yaani daktari wenu wa familia, mueleze kwa maneno yaliyonyooka, baba anakwangua rangi ya radiamu nyumbani kwa muda fulani, mtoto alikuwa anacheza pale chini. Usiseme tu "ana mafua Daktari". GP wengi hawajawahi kukutana na hili, mwambie aulize wataalamu wa mionzi wa UKHSA, shirika la usalama wa afya la Uingereza, wapo kwa ajili hiyo. Na mumeo aende pia, yeye ndo aliyevuta zaidi.

Kabla sijafika kwa mumeo, nikwambie kitu kimoja ambacho kinanigusa mi kama Mswahili. Sehemu kubwa sana ya radiamu ya dunia miaka ya 1920 na 1930 ilichimbwa Katanga, Shinkolobwe, ikapelekwa Ubelgiji mji wa Olen kusafishwa kuanzia 1922. Yale mawe waliyachimba na kuyabeba watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na wao hawana kesi mahakamani, majina yao hayajulikani kama ya Grace na Mollie. Huenda kwenye boksi la mumeo kuna unga uliotoka huko. Mi nikikumbuka hilo siwezi kukiona kama kitu cha kuchezea.

Haya, mumeo. Usimwendee na simu yenye picha za mataya, atajihami. Na usianze na kazi yake, maana anasikia unaidharau, na kumbe inasomesha mtu. Anza kwa kumsifu mkono wake, kwa sababu barua yako mwenyewe inaonyesha unauheshimu, alafu mwambie kitu kimoja tu, hizi za miaka ya 1960 na kurudi nyuma zenye rangi tuziache kuzifungua. Mashine yenyewe anaweza kuendelea nayo kwenye saa zisizo na rangi ya kuwaka, ziko tele, na za miaka ya karibuni. Ile ya radiamu ambayo lazima ifunguliwe apeleke kwa fundi mwenye kabati la kufanyia kazi lililozibwa na vibali vyake, wapo Uingereza. Na aelewe kibiashara pia, wanaokusanya saa za jeshi wengi wanataka rangi ya asili, akikwangua anashusha bei ya saa yake mwenyewe. Hilo la mwisho ulitaje kama limekupitia tu kichwani, uone atakavyonyamaza afikirie.

Zile alizokwisha kuuza zikiwa zimekwanguliwa, awaandikie wanunuzi awaambie ukweli, ndani ya saa kunabaki unga hata baada ya kupaka mpya na wao wanaweza kuifungua bila kujua. Ni aibu ndogo, aimeze.

Jumatatu asubuhi piga hizo simu mbili, ya baraza na ya GP, kabla hujaenda kazini. Wakishapima uniandikie tena walichokuta, hata kama ni kizuri.

Shangazi yako